Wesonga na Dramu Iliyovalishwa Nailoni

Mpwa wangu Wesonga hunawa mikono kabla ya kwenda kunawa mikono. Nikisema hivyo watu hucheka wakidhani ni utani wangu wa kawaida, maana kutoka Kariobangi hadi Baba Dogo mimi najulikana kwa mdomo, na sikatai. Lakini hapa sitanii. Mfereji wa ploti yao uko nje na kila mpangaji anaushika. Kwa hiyo Wesonga kwanza hunawa ndani kwa maji ya jagi, halafu anatoka, anafungua mfereji, ananawa tena, kisha anaufunga kwa kiwiko kama daktari wa kupasua watu. Akirudi anafungua mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa leso. Mke wake Nthoki, Mkamba mpole ambaye huko mbinguni atapewa kiti cha mbele kabisa, alishazoea. Mimi sijazoea. Huyu mtu nilimbeba mgongoni kamasi ikimfika kidevuni, na leo tukikutana hanipi mkono. Ananyoosha ngumi tugongane, kama vijana wa boda boda.

Kazi yake ndiyo iliyomharibu zaidi. Ameajiriwa katika kiwanda kimoja cha juisi huko Baba Dogo, anavaa kofia ya wavu na buti nyeupe. Kabla juisi haijamiminwa kwenye dramu, yeye hutandika ndani yake mfuko mkubwa wa nailoni, mpya, safi, unaofika mpaka chini na kukunjwa juu ya mdomo wa dramu. Juisi haigusi dramu, dramu haigusi juisi. Ukishatumika mara moja, mfuko unatupwa. Kule kiwandani wanauita laina. Wesonga anaipenda hiyo laina jinsi watu wengine wanavyopenda mpira wa miguu. Kila kitu nyumbani kwake kimevalishwa nailoni: rimoti, redio, godoro la watoto, mpaka kochi la wageni. Ukiketi kwenye hilo kochi linatoa sauti, na wageni wenzako wanakuangalia wewe badala ya kuliangalia kochi.

Sasa, Wesonga ana kaka yake mkubwa, Mulama, anayeuza mapazia ya mitumba pale Gikomba. Mulama ni wa aina nyingine. Akicheka, wateja wa kibanda cha tatu wanageuka. Anakula akiwa amesimama, anakunywa chai kwa kikombe cha jirani. Wote wawili ni watoto wa dada yangu marehemu Nangila, kwa hiyo mimi ndiye khotsa wao, mjomba upande wa mama, na kwetu sisi Waluhya khotsa si mtu wa kuchezewa. Khotsa akisema kaa, unakaa. Angalau zamani ilikuwa hivyo.

Ugomvi wao ulianza Pasaka moja nyumbani kwa Mulama. Triza, mke wa Mulama, alikuwa amepika tangu asubuhi: kuku, chapati, mboga za kienyeji, chai ya tangawizi. Tukakaa. Triza akaanza kuzunguka na birika. Wesonga akachukua kikombe alichopewa, akakitazama ndani, akakinusa, akatoa leso mfukoni akakipangusa. Akakinusa tena. Akakipangusa mara ya pili. Triza alikuwa amesimama mbele yake na birika mkononi.

"Shemeji, kikombe kina nini?"

"Hakina kitu, shemeji. Ni mazoea tu."

"Mazoea ya wapi?" Mulama akadakia kutoka upande wa pili. "Wewe na mimi tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja, kamasi tulikuwa tunagawana! Leo nyumba yangu inanuka?"

Badala ya kusema pole, Wesonga akaanza kueleza habari za bakteria. Mimi nilimkonyeza, nikamkanyaga mguu chini ya meza, wapi! Alipofika mahali pa kusema kwamba bakteria hawaonekani kwa macho, Triza alishaingia jikoni kulia, na Mulama alishafungua mlango.

"Nenda ukale mahali hakuna uchafu."

Tangu siku hiyo hawakuongea. Na shida yote ya kutoongea kwao ikaniangukia mimi. Wote wawili wanakuja kwangu, na wakikutana hapo hawatoki, kila mmoja anaona akitoka atakuwa ameshindwa. Basi wanaongea kupitia kwangu.

"Khotsa, mwambie huyo mtu asogeze mguu."

"Khotsa, mwambie mguu uko mahali pake."

"Khotsa, mwambie mahali pake ni Baba Dogo."

Na mimi nimekaa katikati, nageuza shingo huku na huku kama mkalimani wa mkutano wa injili, chai yangu inapoa. Ningekuwa mtu wa hasira ningewapiga wote. Lakini mimi ni mvumilivu kupita kiasi, kila mtu anajua.

Halafu Mulama akaja na habari mpya. Alikuwa amechoka na Gikomba, anarudi Butere kabisa, yeye na Triza, kulima. Mwisho wa mwezi wangefunga virago. Nikapiga hesabu yangu ya kimya kimya. Mulama akiwa Butere na Wesonga akiwa Baba Dogo, hawa watu watakutana tena wapi? Kwenye matanga. Pengine matanga yangu. Nikajiona nimelala kwenye jeneza na hawa wawili wamesimama kila upande: "Khotsa, mwambie huyo mtu ashike vizuri." Nikasema hapana. Lazima wapatane kabla Mulama hajapanda basi.

Kwetu dawa inajulikana. Ndugu wakikosana, wanakunywa busaa, pombe yetu ya unga, kutoka chombo kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, vichwa vikiwa karibu karibu. Huwezi kununa huku umefyonza mrija, jaribu uone. Na katika ukoo wetu, aliyekosa ndiye anayepika busaa, aliyekosewa ndiye anayetoa chombo. Hivyo kila mmoja anakuwa ametia mkono wake. Mchungaji wetu hapendi mambo haya, lakini mchungaji alikuwa amesafiri, na ndiyo sababu nikaichagua Jumamosi ile.

Mulama alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Akatoa dramu ya buluu aliyoirithi kwa mama yao. Dramu hiyo ndiyo dada yangu Nangila aliyopikia busaa miaka yote pale Kariobangi, tangu hawa wawili hawajaota meno. Kwa nje ni dramu ya plastiki kama nyingine. Kwa ndani imeshika rangi ya kahawia iliyoingia mpaka kwenye plastiki yenyewe, na ukiinamisha kichwa humo bado unapata harufu ya unga uliokaangwa.

"Khotsa," Mulama akaniambia, "mwambie aioshe kwa maji peke yake. Mama hakuwahi kuitia sabuni."

Nikaibeba kwa mkokoteni mpaka Baba Dogo, nikatoa ujumbe. Wesonga akachungulia ndani kama mtu anayechungulia shimo la choo alikoangusha simu.

"Khotsa, hii kahawia ni nini?"

"Ni mkono wa mamako."

"Haitoki?"

"Ukiitoa nitakutoa wewe."

Nikamfundisha kupika, maana busaa naijua kuliko wanawake wengi, na hilo hata Nangila mwenyewe alikuwa akilikubali akiwa na furaha. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa uchachuke. Kisha unakaangwa kwenye karai mpaka uwe kahawia na kunukia mtaa mzima. Halafu unatiwa kwenye dramu pamoja na maji na kimera cha wimbi, unafunikwa, unaachwa uchemke wenyewe bila moto. Nthoki ndiye aliyekaanga, juu ya paa, kwa sababu Wesonga hawezi kustahimili moshi. Yeye alisimamia akiwa na glavu.

Baada ya siku chache akanipigia simu. Mimi nilikuwa kwenye karakana yangu pale Kariobangi, nagonga jiko. Niliachia masomo darasa la sita, lakini kuna walimu wa sekondari wanaopanga foleni niwatengenezee majiko, basi mtajua wenyewe nani alisoma. Kelele zilikuwa nyingi, majirani wangu wote wanagonga mabati.

"Khotsa, nimemimina kila kitu kwenye dramu. Usiwe na wasiwasi. Nimeweka laina mpya."

Mimi nikasikia laini. Laini ya simu. Nani asingesikia hivyo?

"Vizuri. Ya kampuni gani?"

"Ya kule kazini kwetu."

Nikafikiri labda kiwanda kimeanza kuwapa wafanyakazi laini. Mambo siku hizi hubadilika.

"Basi nitumie namba niiandike."

"Namba ya nini, Khotsa?"

"Ya hiyo laini!"

"Haina namba. Imeandikwa tu saizi."

"Mtandao mbaya," nikasema, nikakata. Nikarudi kugonga jiko, nikiwa na furaha kama mjinga.

Jumamosi nilifika kwa Wesonga kabla ya saa sita, nimevaa koti langu la harusi, nimebeba mirija nikiwa nimeifunga kwenye gazeti. Mirija hiyo ni ya kwetu, ya mti wa kutambaa, mirefu kunizidi. Lakini vichujio vya chini, vile vinavyozuia makapi, nilivitengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba, nikavichonga ncha visizibe. Fundi mwingine angekutengenezea kitu butu. Vyangu vinaingia.

Dramu ilikuwa katikati ya chumba. Nikafunua kifuniko, na macho yangu yakaona busaa nzuri, povu limeumuka kama linavyotakiwa, limezungukwa na nailoni. Nailoni nyeupe, imekunjwa juu ya mdomo wa dramu, imefungwa kwa raba ya tairi.

"Wesonga. Hii ni nini?"

"Laina, Khotsa. Si nilikwambia."

Niliketi. Kochi likatoa sauti yake. Sikuwa na nguvu hata ya kuona aibu.

"Hii ndiyo laina?"

"Ndiyo. Ya kutupa, inatumika mara moja. Hata kiwandani…"

"Dramu ya mamako umeivalisha koti la mvua?"

"Niliosha kwa maji peke yake kama alivyosema! Sikutia sabuni hata tone. Sasa ile rangi, Khotsa, ningefanya nini? Nilikuwa siwezi kulala."

"Ungekosa usingizi! Watu wanakosa usingizi kwa mambo ya maana, wewe ungekosa kwa ajili ya kaka yako!"

"Atajuaje? Busaa ni ile ile."

"Atajuaje? Ana macho! Huyu mtu ulimpangusia kikombe mbele ya mke wake. Amekupa chombo cha mamako kiwe msamaha. Nawe umekitia nailoni ili busaa yako isikiguse. Wesonga, hebu niambie, kichwani mwako mna nini? Mna laina?"

Nthoki alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni akijipangusa mikono. "Mimi nilimwambia," akasema polepole. "Nikaambiwa si mambo ya wanawake."

"Tutoe basi," nikasema. "Leteni beseni, tumimine, tuirudishe bila nailoni."

Nthoki akaleta mabeseni. Wesonga akayakataa moja baada ya jingine. Hili ni la kufulia. Hili la kuogesha mtoto. Hili alioshea miguu mgeni fulani ambaye hata jina lake hatulijui. Ninaapa nilikuwa karibu kummimina yeye mwenyewe kwenye beseni. Tukiwa bado tunabishana, tukasikia kicheko cha Mulama kikipanda ngazi, kikimtangulia mwenyewe kwa orofa nzima.

Nikamwomba Nthoki mkasi. Nikakata nailoni kuzunguka mdomo wa dramu, nikaisukuma ndani chini ya povu isionekane. Wesonga akatoa mlio kama mtu anayekatwa yeye.

"Khotsa, sasa hizo kingo zimegusa…"

"Nyamaza."

Nthoki akatupa kanga juu ya dramu, na mlango ukafunguliwa.

Mulama aliingia amevaa koti zuri la mitumba, Triza nyuma yake amefunga kilemba. Triza akamsalimia Nthoki, akamgeukia Wesonga.

"Shemeji, habari za siku nyingi?"

"Nzuri, shemeji. Karibuni sana."

Mulama alimpita, akavua koti lake. Akaketi kwenye kochi. Kochi likafanya kazi yake.

"Khotsa, mwambie mwenye nyumba kiti chake kina adabu mbaya."

"Khotsa, mwambie mgeni ni nailoni, si kiti."

Neno nailoni lilinipiga kifuani. Nikasimama haraka kabla habari haijaenda huko, nikatoa hotuba. Nilisema maneno mazuri kuhusu dada yangu, kuhusu maziwa waliyonyonya, kuhusu Butere na umbali wake. Triza alifuta macho. Mimi nikianza kuongea kwa Kiswahili cha kanisani hata mawe hulainika. Kisha nikaondoa kanga.

Harufu ikajaa chumba. Mulama akainama, akavuta pumzi, na uso wake ukabadilika. Nilimwona. Kwa muda mfupi alikuwa mtoto wa shule anayerudi nyumbani na njaa.

"Khotsa," akasema, sauti imeshuka. "Mwambie inanukia kama ya mama."

"Khotsa, mwambie asante."

Nikasema moyoni, tumefika. Nikawagawia mirija. Mulama ni mtu anayejua kunywa busaa, hashiki mrija juu juu. Akausukuma mpaka chini kabisa, kama mtu anayepanda nguzo ya ua. Nikahisi kichujio changu kikiingia mahali kisipotakiwa kuingia. Akafyonza. Wesonga akafumba macho, akafyonza. Vichwa vyao vilikuwa vimekaribiana, kimoja cha upara na kimoja cha nywele, nami nikaanza kutabasamu.

Ndipo dramu ikasema: bwuu.

Mulama akaacha kufyonza. Ikasema tena, bwuu, bwuu. Hewa iliyokuwa imekaa kati ya nailoni na dramu ilikuwa imepata tundu. Povu likatikisika, likagawanyika, na katikati yake likatokea tumbo jeupe la nailoni, likavimba, likaelea mbele yetu sote. Busaa ikaanza kushuka pembeni. Mulama akavuta mrija wake polepole. Kwenye ncha, pale kwenye waya wangu wa shaba, kulikuwa kumenasa kipande cha nailoni kinachochuruzika.

"Khotsa. Muulize hii ni nini."

"Khotsa, mwambie ni laina."

"Muulize laina ni nini."

"Mwambie ni nailoni ya kuzuia…" Wesonga akasita.

"Muulize ya kuzuia nini."

Mimi sikuuliza. Mulama akaulaza mrija sakafuni kwa utaratibu, na huo utaratibu ulinitisha kuliko kelele zake zote.

"Mimi nilimpa dramu ya mama," akasema, macho yake kwangu. "Sikumpa sufuria ya Triza. Hata ya mama anaiona chafu. Basi, Khotsa, umejitahidi. Triza, twende."

Akachukua koti. Nikasema ngoja. Nikasema nyote ni wapumbavu. Nikasema mimi ni khotsa wenu na nimesema kaa. Mulama alishafika mlangoni. Hiyo ndiyo heshima ya siku hizi.

Lakini Triza hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kochi lile la kelele, ametulia, mikono juu ya mapaja.

"Shemeji," akasema. "Itoe."

Wesonga akamtazama.

"Itoe hiyo nailoni. Kikombe kile kilikuwa changu, na mimi ndiye ninayekuomba. Itoe sasa hivi, tukiangalia."

Wesonga akageuka kutafuta glavu. Nthoki alikuwa ameziweka mfukoni mwa aproni, na kidole kimoja cha glavu kilichungulia nje. "Glavu zimeisha," akasema.

Basi nikaona jambo ambalo sikutegemea kuliona duniani. Wesonga alitia mkono kwenye dramu. Hakukunja hata shati, shati jeupe la mikono mirefu. Aliutia mpaka kwapani, uso ameugeuzia ukutani kama anayedungwa sindano, makapi ya unga yakimpanda shingoni. Akapapasa, akashika, akavuta. Nailoni haikuja. Ilikuwa imejaa busaa na imejibandika kwenye dramu. Akavuta kwa nguvu zaidi, na dramu nzima ikainama.

"Utaimwaga!" Mulama akapiga kelele kutoka mlangoni.

Wesonga akavuta tena.

"Usishike juu! Shika kitakoni!"

"Kitakoni wapi?"

"Chini kabisa! Shika kitako chake uigeuze kama soksi!"

"Si nimeshika!"

"Hujashika, umegusa! Wewe hujawahi kushika kitu maishani mwako!"

"Basi njoo ushike wewe, bwana mkubwa!"

Koti la Mulama likaruka, likatua kichwani mwangu. Nilipolitoa, Mulama naye alikuwa ameingiza mkono mpaka begani, na wale wawili walikuwa wamekumbatia dramu kama watu wanaomshika ng'ombe anayezaa.

"Nimeipata. Sukuma upande wako."

"Unanibana kidole!"

"Toa kidole basi! Vuta sasa. Vuta! Si hivyo, polepole!"

"Amua moja, nivute au nisivute!"

Ikatoka. Ilitoka kwa mkupuo, imepinduka ndani nje, ikatupiga sote kwa busaa: ukuta, kochi, kilemba cha Triza, koti langu la harusi. Iliyobaki ikamiminika ndani ya dramu, ikagusa ile kahawia, ikatulia.

Mimi ndiye niliyegundua kwanza. Nikafungua mdomo kutangaza kwamba jamani, hawa watu wameongea! Triza akanikanyaga mguu, kwa kisigino. Nikafunga mdomo, machozi yananitoka, si ya furaha.

Walisimama wakihema, mikono inachuruzika. Mulama akaokota mirija miwili, akampa mdogo wake mmoja.

"Kunywa."

"Mkono wangu umeingia humo," Wesonga akasema.

"Na wangu."

"Wako ndio ninaowaza."

Nikashika kichwa. Nikasema sasa basi, tumekwisha. Lakini Mulama alicheka, kile kicheko chake cha Gikomba, mpaka vikombe vikagongana kabatini. Wesonga akaitazama ile dramu kwa muda mrefu. Akatia mrija, akainama, akafyonza. Safari hii hakufumba macho. Akameza, akapumua, akafyonza tena. Mulama akainama upande wake. Hawakuinuka haraka.

"Ina uchungu kidogo," Wesonga akasema mwishowe.

"Mlikaanga unga kupita kiasi."

"Alikaanga Nthoki."

"Ona, anamsingizia mke wake. Mama angekuchapa."

"Mama alikuwa ananichapa kwa makosa yako."

"Wanangu," nikaingilia, "kwa kuwa sasa mmepatana, mimi kama khotsa wenu ningependa kuwaambia…"

"Khotsa, nyamaza kwanza," wakasema wote wawili, kwa pamoja, bila hata kuinua vichwa.

Haya. Ndiyo shukrani. Miaka yote nimekuwa mkalimani wao, nimepoteza chai isiyo na idadi, koti langu linanuka kama klabu ya pombe, na neno la kwanza wanaloafikiana ni kunifunga mdomo. Nikachukua mrija niliobaki nao nikanywe changu. Nilipoutia kwenye dramu, ulifyonza hewa na makapi. Walikuwa wameimaliza.

Kisha wakaibeba dramu kuipeleka chini kwenye mfereji, mmoja mbele, mmoja nyuma, na ngazi nzima ikawa ni mabishano.

"Sabuni kidogo tu, kaka."

"Maji peke yake."

"Majivu, basi. Mama alikuwa anatumia majivu kwa sufuria."

Nikasikia dramu ikigonga ukuta.

"Majivu, sawa. Lakini nikija Krismasi nitachungulia ndani."

"Unaniachia mimi?"

"Nitaibeba kwa basi mpaka Butere nikiwa na magunia? Tembea, wewe, umesimama katikati ya ngazi!"

Triza na Nthoki walikuwa dirishani wakiwatazama, wanacheka na kusukumana mabega. Nikawauliza kuna nini cha kuchekesha. Nthoki akasema Wesonga amefungua mfereji kwa kiganja. Nikasema mfereji wenyewe usipougua safari hii, hautaugua tena. Hakuna aliyenisikia. Nikavua koti, nikaanza kutafuta mahali pa kukaa ambapo hapakuwa na busaa, na nyumba nzima hiyo, pamoja na nailoni zake zote, sikupata hata mahali pamoja.